Vifaranga 37 ndani ya siku nne: ni baridi la Arusha au ni mimi?

#1 Chalii wa Ngaramtoni
Habari za jioni wakuu.

Nimechukua vifaranga 100 wa kuku aina ya Sasso, wa siku moja. Leo ni siku ya tano na wamebaki 63. Usiku wa kwanza walikufa 4, wa pili 9, wa tatu 16, jana 8. Kila asubuhi naingia na ndoo ya maji, natoka na ndoo ya maiti.

Banda ni chumba cha mbao nyuma ya nyumba, futi 10 kwa 10, chini saruji, juu yake pumba za mpunga. Jiko la mkaa moja katikati, nalijaza saa 3 usiku na kulirudia saa 9. Madirisha nimeziba yote kwa turubai, na chini ya mlango nimesokomeza gunia ili upepo usipite. Julai ya huku Ngaramtoni mnaijua wenyewe: ukungu mpaka saa 4 asubuhi, manyunyu, na jua hatujalitia machoni tangu Jumapili.

Bi mkubwa anasema mwezi wa saba hakuna mtu mwenye akili anayeanza vifaranga. Jirani anasema nina mkono mbaya. Wenye uzoefu mniambie, ni baridi au ni mimi?

#2 Kijiti cha Sanawari
Pole sana mkuu. Nakaa hapa kusubiri wataalamu.

#3 Mama Trei
Pole baba. Ni baridi, tena usihangaike kutafuta mchawi. Kifaranga wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 mpaka 35, halafu unampunguzia kama 3 kila wiki mpaka aote manyoya. Huko kwenu usiku unashuka mpaka 11 au 12, kwa hiyo jiko lako linatakiwa lipandishe joto nyuzi 20 na zaidi, chumba kizima. Una kipimajoto humo ndani?

#4 Chalii wa Ngaramtoni
Sina, mama. Napima kwa mkono.

#5 Jogoo la Shamba
Anapima kwa mkono 😂 Na futi 10 kwa 10 kwa vifaranga 100 wa siku moja! Chalii yangu, umewapa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, halafu katikati umeweka kijiko kimoja cha mkaa. Walioko golini wanafia golini.

Vifaranga 100 wiki ya kwanza eneo la mita 2 za mraba linawatosha. Tafuta vipande vya silingibodi au bati jembamba, uvizungushe viwe duara. Pasiwe na kona. Kifaranga akisikia baridi anakimbilia kona, mwenzake anampanda, mwingine anampanda huyo, asubuhi unakuta chapati.

#6 Fundi Banda
Nimesoma maelezo ya mleta mada mara mbili nikaogopa. Watu wote mnaongelea baridi. Mtu kaziba madirisha yote kwa turubai, kasokomeza gunia chini ya mlango, ndani kaacha jiko la mkaa usiku kucha. Hao hawakufa kwa baridi. Hao wamekufa kwa hewa ya mkaa, hiyo hiyo inayoua watu kila msimu wa baridi vyumbani.

#7 Chalii wa Ngaramtoni
Fundi, jiko naliwashia nje mpaka mkaa uive wote, mwekundu kabisa, ndipo naliingiza. Halina moshi hata kidogo.

#8 Fundi Banda
> Chalii wa Ngaramtoni amesema: Halina moshi hata kidogo.

Ndiyo tatizo lenyewe mkuu. Moshi ungekukohoza ukafungua dirisha. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Mkaa mwekundu kwenye chumba kilichozibwa unaitoa vizuri tu. Na wewe unayeingia saa 9 usiku kuongeza mkaa, siku moja utalala humo humo na Sasso wako.

#9 Mzee wa Kihamba
Vijana, salaam. Mimi niko Kibosho, tena Kibosho ya juu, siyo hiyo mnayopita na bodaboda. Baridi la huku, ninyi wa Ngaramtoni hamlijui. Tangu nikiwa mdogo bibi yetu alikuwa anaweka makaa kwenye chungu, anayafunika na majivu, juu kigae chenye matundu. Chungu kinakaa katikati ya tenga la vifaranga mpaka asubuhi kina joto. Chini tunatandika majani makavu ya mgomba. Sikuona kifaranga amekufa kwa hewa. Kuku joto lake ni 37 kama letu, ukimpa joto la binadamu anaishi.

#10 Kijiti cha Sanawari
Mzee shikamoo. Hapo kwenye "sikuona" una uhakika, au bibi alikuwa anawaokota kabla hamjaamka?

#11 Mama Trei
Shikamoo mzee. Naomba nikurekebishe kidogo kwa heshima. Kuku mkubwa joto lake la mwili ni kama 41. Hiyo 37 na nusu ni ya mayai yanayoatamiwa, zile siku 21. Kifaranga akitotolewa joto lake liko chini kidogo ya la mama yake, na hana uwezo wa kulishikilia mwenyewe mpaka manyoya ya kweli yatoke. Ule unyoya wa manjano ni urembo tu.

#12 Mzee wa Kihamba
Marahaba. Sawa, 41. Bibi hakuwa na kipimajoto.

#13 Fundi Banda
Mzee, nyumba ya bibi ilikuwa ya nyasi au ya udongo, inapumua kila upande. Na makaa chini ya majivu yanaungua taratibu. Huyu bwana kafunga turubai, tofauti na chungu cha bibi ni kubwa.

#14 Mchaga wa Minneapolis
Wakuu nawasalimu kutoka Minnesota. Nimezaliwa Marangu, huku nina kuku 14 nyuma ya nyumba. Januari inafika hasi 25 na hakuna aliyekufa kwa baridi. Nyuzi 12 mnaziita baridi? 😂

Nilichojifunza huku: kuku mkubwa mkavu anahimili baridi ya ajabu. Anajifutua manyoya, anashika hewa ya joto ndani yake, anakalia vidole vyake. Kinachomwua ni unyevu. Mwaka wangu wa kwanza niliziba banda kama mleta uzi. Asubuhi ukutani ndani kumeganda barafu, ni pumzi yao na kinyesi. Majogoo mawili upanga wa kichwani (wengine mnaita kilemba) ukaungua kwa barafu, ncha zikawa nyeusi, zikakatika. Mwaka wa pili nikaacha matundu juu kabisa, karibu na paa, upepo usiwapige wakiwa kwenye kichanja. Nikatandika maranda nene, nikaachana na taa ya joto kwa sababu huku zinachoma mabanda kila mwaka. Hakuna aliyeungua tena, ingawa banda lilikuwa baridi kuliko la mwaka wa kwanza.

Kuna hata kuku waliotengenezwa kwa ajili ya hali hii. Chantecler wa Quebec, Kanada, aliyetengenezwa na mtawa mmoja mwanzoni mwa karne iliyopita, upanga wake ni kakifundo tu kichwani, barafu haina pa kushika.

#15 Jogoo la Shamba
> Mchaga wa Minneapolis amesema: Nyuzi 12 mnaziita baridi?

Meku, wako wakubwa, wa huyu wana siku tano. Ukija na kuku wa hasi 25 kwenye uzi wa vifaranga ni kama kumwambia mtoto mchanga kwamba babu yake alipigana vita.

#16 Mchaga wa Minneapolis
Hapo umenikamata. Vifaranga hata huku hatuwatoi nje mpaka baridi iishe. Lakini unyevu ni unyevu, mkubwa kwa mdogo.

#17 Dada wa Pasua
Na mimi niingilie, nisaidieni hapa hapa. Niko Moshi, Pasua, nina leya 60. Mwezi wa tano nilikuwa naokota mayai 50, 51. Sasa hivi 38. Chakula kile kile, maji yale yale. Ni baridi au ni siku kuwa fupi? Kuna mtu kaniambia mwezi wa sita na wa saba jua linawahi kuzama, kuku anataka mwanga saa 14 mpaka 16 ndipo atage vizuri.

#18 Jogoo la Shamba
Moshi mjini nako kuna baridi? Dada, vaa kanga.

#19 Mwalimu wa Jiografia
Dada wa Pasua, hilo la siku fupi lisikusumbue sana. Sisi tuko kama nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita mchana ni karibu saa 12 kasoro dakika chache, Desemba unazidi 12 kidogo. Tofauti haifiki nusu saa. Huko kwa Mchaga wa Minneapolis Desemba mchana haufiki saa 9 na Juni unapita 15, kuku wao wanasimama kutaga kwa haki.

Na kwa nini Arusha ni baridi kuliko Moshi: Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini ni kati ya 800 na 900. Kila ukipanda mita 1,000 unapoteza takriban nyuzi 6. Halafu Julai pepo za kusini zinaleta mawingu, yanagotea Meru na Kilimanjaro upande wetu, yanakaa hapo. Ndiyo maana Mererani jua linawaka na Ngaramtoni hamuonani.

#20 Dada wa Pasua
Asante mwalimu. Sasa kama si mwanga ni nini?

#21 Mama Trei
Chakula. Wakati wa baridi kuku anakula kwanza apate joto, kinachobaki ndiyo yai. Ukimpa kipimo kile kile cha mwezi wa tano umempunja. Jioni kabla hawajapanda, warushie paraza ya mahindi, ile inasagika tumboni usiku na kuwapa joto. Na maji ya asubuhi yatie vuguvugu, maji ya baridi wanayadonoa tu wanaacha, na yai karibu robo tatu yake ni maji.

#22 Fundi Banda
Au wanabadili manyoya. Angalia sakafuni. Au wamezeeka. Wana umri gani?

#23 Dada wa Pasua
Wana mwaka na miezi minne. Manyoya yapo sakafuni, lakini yapo siku zote jamani.

#24 Mzee wa Kihamba
Wape machicha ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Yana joto.

#25 Jogoo la Shamba
Mzee, watataga mayai ya kuimba.

#26 Bwana Mifugo Mstaafu
Salaam. Nirudi kwa mleta mada kabla uzi haujaishia kilabuni.

Mnabishana sababu bila kuangalia maiti. Kifaranga aliyekufa anasema alivyokufa. Waliokufa kwa kulaliana utawakuta pamoja kwenye kona au ukutani, wamebonyea, manyoya yamelowa kwa jasho la pumzi za wenzao. Waliokufa kwa hewa ya mkaa wametawanyika, wamelala kama wamesinzia, na ukimchana nyama na damu ni nyekundu ya kung'aa isivyo kawaida. Waliopigwa baridi siku kadhaa wamezubaa, wanalia kwa sauti kali, na nyuma kinyesi kimeganda mpaka njia imeziba. Wenye kitovu kilichooza wana tumbo kubwa laini, kitovu kibichi, wananuka, na hao wanakufa wiki ya kwanza hata ukiwalaza kwenye blanketi la Kimasai. Kosa hilo huanzia kwenye mayai au kwenye mashine ya kutotolesha, siyo kwako.

Sasa bwana Chalii, wako walikuwaje?

#27 Chalii wa Ngaramtoni
Shikamoo mzee. Hapa ndipo nachanganyikiwa.

Usiku wa kwanza na wa pili wengi walikuwa kona ya mlangoni, wamebonyea kweli, wengine wamelowa. Usiku wa tatu, ule wa 16, ndipo nilipoongeza turubai la pili na gunia. Asubuhi walikuwa wametawanyika kulizunguka jiko. Kama wamelala. Nikadhani joto limewazidi. Jana wanane: watano walikuwa na tumbo kubwa, watatu sielewi.

Na nyuma kuganda kinyesi, ndiyo, kama kumi walio hai wako hivyo. Nawasafisha na maji ya vuguvugu na pamba.

#28 Fundi Banda
Usiku wa tatu, nilisema.

#29 Mama Trei
Usiku wa kwanza na wa pili, nilisema.

#30 Kijiti cha Sanawari
Mleta mada amejaza fomu yote 😭

#31 Bwana Mifugo Mstaafu
Marahaba. Vifaranga walifikaje kwako?

#32 Chalii wa Ngaramtoni
Kwa wakala, jina naliacha. Boksi lilifika stendi usiku, simu akanipigia saa 1 asubuhi. Nikawafuata na bodaboda kutoka stendi mpaka huku, manyunyu yanapiga. Boksi nililifunika na koti langu.

#33 Jogoo la Shamba
Kwa hiyo walipokanyaga banda lako tayari walikuwa wamesafiri, wamelala stendi na kupanda bodaboda kwenye mvua. Mimi mwenyewe ningekufa siku ya kwanza.

#34 Binti Usa River
Sasso asili yake si Ufaransa? Kule barafu inaanguka. Hawa wanapaswa kuwa sugu. Mimi nina kishingo watano, shingo wazi mpaka kifuani, manyoya hawana, Julai wanachakura kama kawaida.

#35 Mama Trei
Kifaranga hana pasi ya kusafiria, mwanangu. Ufaransa haimsaidii mpaka aote manyoya. Na hao kishingo wako waangalie usiku, utakuta wamejibana katikati ya wenzao.

#36 Binti Usa River
Nimetoka kuwaangalia sasa hivi na tochi. Wako katikati. Wote watano.

#37 Kuku Dume
Nyote mmesahau mdondo, yaani kideri. Kila baridi ikiingia kideri kinafagia kijiji kizima. Mshubiri na pilipili kichaa kwenye maji, basi.

#38 Bwana Mifugo Mstaafu
Kideri hakitibiki kwa mshubiri wala kwa pilipili, wala kwa dawa yoyote ya dukani. Ni virusi, kinazuiwa kwa chanjo tu. Ile ya I-2 tone moja jichoni, unarudia kila miezi mitatu. Kwa hawa wa mleta mada, kideri siku ya 7, Gumboro (ugonjwa mwingine wa virusi) siku ya 14, halafu marudio. Lakini kifaranga usimchanje akiwa anatetemeka, mpashe joto kwanza.

#39 Kuku Dume
Wangu wanakunywa mshubiri na wako hai.

#40 Kijiti cha Sanawari
Na wanaharisha, sema yote.

#41 Mzee wa Kihamba
Chalii, mwanangu, acha jiko. Tafuta koo wawili waliokwisha kulalia, wale wakali. Usiku wa giza chukua vifaranga kumi na tano kila koo, ingiza mmoja mmoja chini ya bawa. Asubuhi atadhani ni wake. Koo hazimiki saa 9.

#42 Chalii wa Ngaramtoni
Nashukuru wote. Nitaleta mrejesho.

#43 Chalii wa Ngaramtoni
MREJESHO, siku ya tatu baadaye.

Nimetengeneza duara la silingibodi, mita na nusu kukatisha. Jiko nimelitoa, nimefunga balbu mbili za wati 100, na kipimajoto nimekining'iniza usawa wa migongo yao: 33. Turubai la juu nimelikunja, pamebaki upenyo chini ya paa. Jirani huyo huyo wa mkono mbaya kaniazima koo mmoja, amewachukua kumi na mbili, wa kumi na tatu akamdonoa. Pumba zilizolowa nimezitoa. Maji vuguvugu.

Usiku wa kwanza walikufa 2, wa pili hakufa hata mmoja, jana 3. Wako 58, na wanalala wametawanyika kama mbegu.

#44 Fundi Banda
Umeona? Jiko limetoka, vifo vimekwisha.

#45 Mama Trei
Fundi, kapata nyuzi 33 ndipo vimepungua.

#46 Mchaga wa Minneapolis
Mmesoma alipokunja turubai na kutoa pumba zilizolowa?

#47 Bwana Mifugo Mstaafu
Wenye vitovu vibovu huwa wameshakwisha ifikapo siku ya saba au ya nane, hata usipofanya lolote.

#48 Mwalimu wa Jiografia
Na jua limetoka tangu juzi. Hapa Arusha leo mchana nimevua sweta.

#49 Dada wa Pasua
Mimi leo nimeokota 41. Nimeongeza paraza. Au ni hilo jua la mwalimu.

#50 Chalii wa Ngaramtoni
Wakuu, umeme umekatika huku. Sasa hivi, saa 2 na nusu.

#51 Mzee wa Kihamba
CHUNGU.

#52 Fundi Banda
Usiingize jiko!

#53 Mama Trei
Jaza chupa za plastiki maji ya moto, zifunge na matambara, ziweke katikati yao. Haraka.

#54 Jogoo la Shamba
Chalii uko wapi?

#55 Chalii wa Ngaramtoni
Nimewahamishia wote jikoni kwa bi mkubwa, kumetoka kupikwa makande, mafiga bado yana moto na paa linapitisha hewa. Chupa nimeweka sita. Bi mkubwa kahamia sebuleni, hanisemeshi.

#56 Kijiti cha Sanawari
Wako wangapi?

#57 Chalii wa Ngaramtoni
57.

Ngoja. 58. Mmoja alikuwa ndani ya kiatu cha mama.